Kutoka Amani hadi Arash: Nani Ameshika Ufunguo wa Stoo ya Dawa?

Kiongozi wa idara ya famasi anaweza kuwa na shahada ukutani, leja safi na jokofu lisilozimika, lakini mgonjwa humpima kwa jambo moja tu: alipofika dirishani, dawa ilikuwepo au aliambiwa akanunue nje? Nchini Marekani, swali hilo likiwahusu askari wastaafu, ipo wizara nzima ya kulijibu. Tanzania haina mfumo wa namna hiyo. Mwanajeshi aliyestaafu akarudi kijijini, awe Tarime, Songea au kata ya Arash wilayani Ngorongoro, hupanga foleni moja na mama mjamzito na mfugaji mwenye homa. Hata hivyo, ukifuatilia jinsi dawa zilivyoanza kuhesabiwa, kutunzwa na kugawiwa katika nchi hii, utakuta nyayo za askari karibu kila mahali.

1914–1918: Magome yaliyochemshwa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, manowari za Uingereza ziliziba pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Katika miaka yote ya vita ni meli mbili tu za shehena zilizopenya, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916. Risasi na bunduki jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck liliweza kumnyang'anya adui. Kwinini ilikuwa shida ya aina nyingine, kwa sababu malaria haisubiri ushindi wa kesho.

Jibu lilipatikana Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walikuwa wamefungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Huko ilikuwepo miti ya mkwinini. Wataalamu waliokuwa wakichunguza kahawa na katani wakageuka watengenezaji wa dawa, magome yakasagwa, vidonge vikapelekwa kambini. Mwaka 1916 Waingereza waliposukuma vita kuelekea kusini na Amani ikawaponyoka Wajerumani, kilichobaki ni kuyachemsha magome yenyewe. Askari walikunywa maji yale machungu na kuyapa jina la kamanda wao, Lettow-Schnaps.

Kwa hiyo moja ya juhudi za kwanza za kutengeneza dawa za kizungu kwa wingi katika ardhi hii ilifanyika kwa ajili ya jeshi na kwa amri ya jeshi. Tukumbuke pia nani aliachwa nje ya amri hiyo. Upande wa Uingereza peke yake, watu wapatao milioni moja wa Afrika Mashariki na Kati walichukuliwa kubeba mizigo. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 100,000 hivi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Mizigo waliyobeba ilikuwa na masanduku ya dawa ndani yake. Soko la Kariakoo limesimama mahali palipokuwa kambi yao, na watu wanaonunua nyanya pale leo hawana sababu ya kujua hilo.

1926–1945: Madresa na vidonge vya njano

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, hawakuwa na fedha wala nia ya kujenga hospitali kila mahali. Mwaka 1926 mkuu wa huduma za tiba, Dk. John Shircore, alianzisha mpango wa bei nafuu: vijana wachache kutoka kila eneo wafundishwe kusafisha vidonda na kutoa dawa chache, kisha warudi kwao wakafungue zahanati chini ya serikali za wenyeji. Waliitwa madresa. Dresa alikuwa mganga, mfagizi, karani na mtunza stoo kwa wakati mmoja, na ufunguo wa kabati la dawa ulikaa mfukoni mwake. Ukiingia leo katika zahanati nyingi za vijijini utamkuta mrithi wake akifanya kazi zilezile.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoleta nidhamu mpya ya dawa. Zaidi ya Watanganyika 86,000 waliingia jeshini, na baadhi yao walipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua, mahali ambapo malaria ilikuwa adui mkubwa kuliko Wajapani. Jenerali William Slim, aliyeongoza jeshi ambalo divisheni hiyo ilikuwa sehemu yake, aliandika baadaye kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi.

Dawa ilikuwepo, nayo ni mepakrini, kidonge cha kila siku kilichogeuza ngozi kuwa ya njano. Tatizo lilikuwa kumeza. Uvumi ulienea kwamba kidonge hicho kinamaliza nguvu za kiume, na uvumi wa namna hiyo hauhitaji ushahidi ili usafiri. Slim hakuleta wahubiri. Aliagiza askari wakaguliwe kwa kushtukiza, na kikosi ambacho ukaguzi ungeonyesha kwamba hakimezi dawa, kamanda wake aondolewe. Alisema alihitaji kuwafukuza watatu tu, wengine wakaelewa. Idadi ya wagonjwa wa malaria ikaporomoka.

Hapa pana somo ambalo kila mfamasia mkuu analijua hata kama hajawahi kusikia habari za Kabaw. Kidonge kilichotoka stoo bado hakijawa tiba. Lazima awepo mtu anayewajibika kwa dawa kuanzia ghalani hadi mdomoni mwa mgonjwa, na mtu huyo awe na cheo cha kupoteza. Jeshi liliweza hilo kwa sababu kila mtu alijulikana kwa namba na kila mtu alikuwa na mkubwa wake. Vijiji havikuwa hivyo. Watanganyika waliorudi mwaka 1946, baadhi wakiwa wamehudumu katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki, walizikuta zahanati zikiwa na kabati lilelile la dresa.

1964–1979: Lugalo, Azimio na gharama za Kagera

Tanganyika ilipojitawala Desemba 1961, madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole. Idadi inayotajwa sana ni 12. Mwaka 1964 mambo mawili yalitokea ambayo mara chache husimuliwa pamoja. Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mosi Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa. Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Katika mwaka uleule wa 1964, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wengi bila cheti chochote, na ofisa wa malipo akawapa fimbo ya ufagio na kuwatolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja, kwa mujibu wa simulizi hiyo, aliyeshindwa.

Walilipwa fedha. Kuhusu matibabu yao hakuna aliyeuliza, na tangu hapo wastaafu wa vita katika nchi hii wamekuwa wakikumbukwa zaidi kwa malipo na sherehe kuliko kwa dawa.

Jeshi jipya lilijenga huduma zake za tiba, na hospitali ya Lugalo ikakua hadi kuwa Hospitali Kuu ya Jeshi. Inatibu wanajeshi na familia zao, na raia wa Dar es Salaam nao wameizoea. Nje ya kambi, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liligeuza macho ya serikali kuelekea vijijini. Mwaka 1961 zahanati zilikuwa 975 na vituo vya afya 22. Kufikia mwaka 1980 zahanati zilikaribia 2,600 na vituo vya afya 239. Mwaka 1974 shahada ya famasi ilianza kufundishwa Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wilaya ya Ngorongoro yenyewe ilizaliwa mwaka 1979 kwa kukatwa kutoka Monduli. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, Herbert Watschinger, padri wa Austria aliyekuwa pia daktari, alikuwa ameanzisha hospitali ya misheni Wasso, ambayo baadaye ikawa hospitali teule ya wilaya. Kwa mkazi wa Arash mwenye ugonjwa mzito, njia ilikuwa na bado ni kuelekea Wasso.

Kasi hiyo ya majengo ilikuwa na kasoro: kuta zilijengwa haraka kuliko uwezo wa kuzijaza dawa. Kisha, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, lakini gharama ya vita, inayokadiriwa kufikia dola milioni 500, iliangukia nchi ambayo tayari ilikuwa imebanwa na bei ya mafuta na kushuka kwa mauzo ya nje. Dawa zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zahanati zilikuwa na nesi, meza na daftari la wagonjwa, na rafu tupu. Askari aliyerudi kutoka Masaka akiwa na jeraha lisilopona alikuta hali hiyo kijijini kwao.

1983–1993: Makasha kutoka Copenhagen

Msaada ulikuja kwa njia ambayo askari yeyote angeitambua. Kuanzia mwaka 1983 mpango wa dawa muhimu, uliogharamiwa na Denmark kupitia DANIDA na kuendeshwa pamoja na UNICEF, ulipeleka makasha yaliyofungwa tayari. Kila zahanati ilipata kasha la mwezi lenye dawa zilezile kwa idadi ileile. Yalifungwa Copenhagen, yakashushwa bandarini, yakapelekwa wilayani na kutoka huko vijijini. Lilikuwa posho la kijeshi hasa: hakuna aliyeulizwa anataka nini.

Nasema bila kusita kwamba makasha yale yaliokoa maisha. Rafu zilijaa, na wizi wa njiani ulipungua kwa sababu kasha lililofungwa ni rahisi kulihesabu kuliko dawa za kupimiwa. Lakini Tanzania si kikosi kimoja kilichosimama uwanja mmoja. Zahanati ya pwani iliyozama katika malaria na ile ya nyanda za baridi, ambako watu huja na vikohozi na macho, zilipata kasha moja. Upande mmoja klorokwini iliisha wiki ya pili, upande mwingine ikakaa hadi muda wake wa matumizi ukapita. Baya zaidi, mhudumu hakuwa na sababu ya kujifunza kukadiria mahitaji, maana kasha lingekuja tu. Kizazi kizima cha watumishi kilizoea kupokea.

1994: Keko na Washington

Bunge lilipitisha Sheria Na. 13 ya mwaka 1993, na mwaka 1994 Bohari ya Dawa, MSD, ikaanza kazi makao yake yakiwa Keko, Dar es Salaam, badala ya bohari kuu ya zamani ya serikali. Tofauti haikuwa ya jina tu. MSD ilitakiwa kujiendesha: inunue dawa, iziuze kwa hospitali na zahanati za umma, na kwa fedha hizo inunue tena. Kanda zikafunguliwa, na mkoa wa Arusha ukahudumiwa kutoka Moshi.

Mwaka huohuo, Washington, daktari aitwaye Kenneth Kizer alikabidhiwa huduma za afya za maveterani wa Marekani, mfumo uliokuwa na sifa ya uchakavu na urasimu. Inafaa kutazama alichokikuta na alichokifanya, kwa sababu ndicho kipimo cha famasi inayoongozwa kwa ajili ya wastaafu wa jeshi. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imewapa bei ya juu isiyovukwa na kampuni za dawa. Orodha za dawa za hospitali mbalimbali zikaunganishwa kuwa orodha moja ya taifa. Maghala yenye mitambo yakaanza kufunga dawa za wagonjwa wa kudumu na kuzituma kwa posta hadi nyumbani. Huko Topeka, Kansas, nesi Sue Kinnick alimwona mhudumu wa kampuni ya kukodisha magari akisoma mistari ya utambulisho ya gari kwa kifaa cha mkononi, akauliza kwa nini dawa na mgonjwa visisomwe vivyo hivyo. Wazo la nesi huyo lilikuja kuenea katika hospitali zote za maveterani.

Keko na Washington zilikuwa na orodha, maghala na sheria. Zilitofautiana mahali pawili. Kwanza, Wamarekani walimjua kila mgonjwa wao kwa jina na namba, kama jeshi lilivyomjua kabla hajastaafu. Pili, bajeti yao ilitoka serikalini moja kwa moja. MSD iliwauzia wateja ambao mlipaji wao mkuu, Hazina, alichelewa kulipa. Madeni ya serikali kwa MSD yakawa habari ya kila mwaka, na bohari isiyolipwa haiwezi kununua. Kumlaumu mfamasia wa wilaya kwa rafu tupu, wakati fedha zimekwama juu yake, ni uonevu ambao wananchi na viongozi wetu wameufanya mara nyingi.

2011: Kikombe cha Samunge

Kama kuna mwaka ambao Loliondo, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, ilijulikana kila nyumba ya Afrika Mashariki, ni 2011. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge. Ilichemshwa kutokana na mizizi ya mugariga, mti ambao Wamaasai huuita olamuriaki na ambao kitaalamu ni Carissa. Bei ilikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi katika barabara ya vumbi. Mawaziri walikwenda, na helikopta zilitua. Wapo waliofia njiani, na wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

Waandishi wengi wameandika habari hiyo kama kisa cha imani. Ni kweli, lakini naiona pia kama hukumu juu ya famasi. Samunge haikumwambia mtu kwamba dawa imeisha. Bei ilijulikana, ilikuwa moja kwa wote, na mtoaji alimpa kila mtu kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Mambo hayo matatu ndiyo ambayo dirisha la dawa la zahanati lilikuwa halina. Kisayansi, hakuna uthibitisho kwamba kikombe kiliponya maradhi yaliyotajwa. Mwasapile alifariki Julai 30, 2021, na foleni ilikuwa imekwisha miaka mingi kabla.

2014 hadi leo: Brigedia, mshitiri na mwisho wa barabara

Wakati vumbi la Samunge linatulia, mfumo ulikuwa ukibadilika kimyakimya. Makasha yalikwisha ondoka. Zahanati sasa zilitakiwa kujaza fomu ya taarifa na maombi, kueleza kilichotumika, kilichobaki na kinachohitajika, na taarifa hizo zikaingizwa kwenye kompyuta wilayani. MSD ikaanza kupeleka dawa moja kwa moja hadi mlangoni mwa kituo badala ya kuziacha wilayani. Dawa zenyewe zilikuwa tayari zimebadilika: klorokwini iliachwa mwaka 2001, SP (sulfadoksini na pirimethamini) ikashika nafasi yake, na kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto. Kila badiliko la namna hiyo humlazimu mtu mmoja katika kila kituo kuondoa shehena ya zamani, kuhesabu mpya na kuwafundisha wenzake dozi. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza kutumia mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa kuuza kile ambacho MSD haina, na kufikia 2018 utaratibu huo ulikuwa wa nchi nzima. Wakati huohuo fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo.

Kisha jeshi likarudi katika simulizi. Mwaka 2020, katikati ya UVIKO-19, Rais John Magufuli alimteua Brigedia Jenerali Dk. Gabriel Mhidze, daktari wa JWTZ, kuwa Mkurugenzi Mkuu wa MSD. Alikaa hadi 2022, alipoteuliwa Mavere Tukai. Uteuzi ule ulikuwa na mantiki ya Slim: mpe askari ghala, atahesabu. Lakini amri hufika hadi mwisho wa mnyororo wa amri. Mnyororo wa Bohari unaishia kwenye mlango wa zahanati, na kutoka hapo dawa huingia mikononi mwa mtu asiye askari wala, mara nyingi, mfamasia. Katika zahanati nyingi za vijijini dirisha la dawa hushikwa na nesi au mhudumu wa afya anayepaswa pia kuzalisha, kuchanja na kufagia.

Arash iko mwisho wa mnyororo huo. Shehena ya MSD hutoka Moshi, ikapita Arusha na kuingia tarafa ya Loliondo. Lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imesaidia, lakini kufika kata za wafugaji bado ni suala la mvua na gari. Wagonjwa nao husogea na mifugo yao, kwa hiyo takwimu za mwezi uliopita hazitabiri vizuri mwezi ujao. Uwekaji wa mipaka ya eneo la hifadhi la Loliondo wa mwaka 2022, ulioigusa Arash pia, uliwafanya baadhi ya watu wavuke kwenda Kenya. Makadirio ya dawa katika eneo la aina hii yanahitaji mtu anayewajua watu wake, ajue nani amehamia wapi na nani ana shinikizo la damu na hajaonekana tangu kiangazi.

Mpiganaji wa Kagera naye ameingia katika hesabu hiyo. Kijana aliyekuwa na miaka 18 Kampala ilipoanguka amevuka 60 sasa. Kwa kuwa hakuna mfumo wa afya wa maveterani, kinachomgusa akiwa kijijini ni sera ya wazee: wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Haki hiyo ipo kwenye karatasi tangu miaka ya 2000. Ikiwa rafu ni tupu, kutibiwa bure humaanisha kuandikiwa cheti na kwenda kununua vidonge vya shinikizo duka la dawa. Mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa, na kadi ya bima itakutana na rafu hiyohiyo.

Karne moja ya historia hii imemhamisha mwenye kuagiza dawa kutoka kwa kamanda hadi kwa bohari, kutoka bohari hadi wilayani, na sasa imemfikisha kwa mhudumu wa zahanati mwenye fomu mkononi. Cheo, mafunzo na muda wa kufanya kazi hiyo havikuhamishwa pamoja naye. Halmashauri zinazopanga ikama ya mwaka ujao, Ngorongoro ikiwemo, zianzie hapo: mteknolojia wa dawa mmoja mwenye mafunzo kwa kila kituo cha afya, anayezungukia zahanati zinazokizunguka, na jina lake lijulikane na wazee wa eneo.